Mikseri yangu ya monita ya mtandao: kifaa hakina kosa, waliokiuza wanalo

"Ukapimwe masikio." Hivyo ndivyo alivyoniambia mtu wa huduma kwa wateja nilipompigia mara ya tatu kumweleza kwamba mikseri yangu mpya ya monita inatoa tik, tik-tik, kwenye hedifoni katikati ya wimbo. Nilikata simu mikono ikitetemeka. Mpaka leo nikiiona ile nembo kwenye kisanduku, damu inanichemka.

Mimi napiga kinanda. Kwa asiyezijua mikseri hizi: monita ni sauti anayojisikilizia mwanamuziki jukwaani. Kila mwanamuziki anafungiwa kisanduku chake kwenye stendi, kebo moja ya mtandao inaleta sauti zote pamoja na umeme, na kila mtu anajipimia anachotaka kusikia. Ukitaka besi iongezeke unaiongeza mwenyewe, hakuna kumpungia mkono fundi mitambo jukwaa zima likikutazama. Siku ya kwanza niliusikia mkono wangu wa kushoto wazi kabisa, haushindani na drams. Nilifurahi mno. Ningeandika siku ile, hapa mngesoma sifa tupu.

Baada ya wiki mbili hivi ikaanza ile tik. Siyo mkwaruzo wa waya uliolegea, wala ule muungurumo wa umeme. Ni kama mtu anavunja kijiti kikavu ndani ya sikio. Inakuja mara tatu kwa mfululizo, halafu dakika kadhaa kimya, na huo ukimya ndio unaochosha, maana unapiga huku unaisubiri. Usiku mmoja ilinijia sekunde ileile ya kuingia kiitikio, nikaingia nimechelewa, mwimbaji akanigeukia. Ule uso sijausahau. (Limita ya hedifoni, ile inayozuia sauti isipande kupita kiasi, iacheni imewashwa muda wote, tafadhali. Milio ya ghafla namna hii ikija sauti ikiwa juu inaumiza.)

Nilibadilisha hedifoni. Tik. Nikabadilisha kebo, na urefu wake haukaribii hata nusu ya zile mita 100 ambazo kebo ya mtandao inaruhusiwa. Tik. Nikazima kila kitu nikawasha upya, kama walivyoniagiza kwenye simu ya kwanza na ya pili. Tik.

Kilichonisaidia ni jambo ambalo hakuna hata mmoja wao aliyenishauri. Nilibadilishana visanduku na mpiga drams. Kisanduku changu kikafika kwake kikawa safi kabisa. Chake kikaja kwangu kikaanza kutoa tik. Basi ubovu haukuwa kwenye kisanduku, ulikuwa njiani. Kebo yake inatoka moja kwa moja kwenye mikseri kuu, yangu inapitia swichi ya mtandao, kile kisanduku cha kuunganisha kebo kadhaa, tuliyoiongeza baadaye.

Swichi hiyo ina kipengele cha kubana umeme, kwenye mipangilio kimeandikwa EEE, ni kile kiwango cha IEEE 802.3az cha mwaka 2010. Data ikipungua, mlango wa swichi, yaani tundu la kuchomekea kebo, unasinzia kidogo, ukipata kazi unaamka. Kwa barua pepe haina shida. Lakini sauti inakuja sampuli 48,000 kwa sekunde, yaani vipande vidogovidogo vya sauti, na visanduku vyote vinafuata mapigo ya saa moja ya pamoja kupitia kebo hizohizo. Mlango ukichelewa kuamka, saa inayumba, sampuli zinakosa zamu yake, na hilo pengo ndilo tik. Nilifungua ukurasa wa mipangilio nikaondoa alama moja tu. Kimya. Nilipiga karibu saa mbili nikiitega sikio, haikurudi. Kama swichi yenu haina pa kukizima, tafuteni nyingine, msihangaike na kebo.

Hapo nikalainika. Nilikuwa nimeshaamua kutoa nyota moja, nikapandisha hadi nne, maana kifaa nilikionea. Nikawaandikia kwa roho safi, niwaeleze nilichokikuta ili wamsaidie mwingine. Wakajibu kwa mstari mmoja: "Kama tulivyokueleza, kifaa hakina tatizo." Mlinieleza lini? Nikarudi kwenye mwongozo wao. Karibu na mwisho, kwa herufi ndogo, wameandika kwamba kubana umeme kwenye swichi kuzimwe. Walikuwa na jibu tangu simu ya kwanza, wakaacha nihangaike kwa wiki nzima na kunituma nikapimwe masikio!

Nimeshusha hadi mbili. Halafu jana tumefanya mazoezi, ile sauti ya nyuzi ya kinanda changu ikakaa upande wa kulia, besi katikati, sauti ya mwimbaji juu yake, kila kitu mahali pake, na sina moyo wa kuiita bidhaa mbaya. Ziwe tatu. Mwimbaji naye anataka ya kwake. Nimemwambia anunue, na ikisumbua anipigie mimi, asiwapigie wao.