Skana ya filamu ya 120 na 4x5 ukiwa Mombasa: nunua ipi, acha ipi

Ukishapata kamera yako ya filamu, Yashica Mat au Mamiya RB67, usidhani matumizi yameisha. Roli moja ya 120, ile filamu pana ya sentimita sita hivi, itakupa picha 12 za mraba, au 10 za sita kwa saba, na zote zitabaki negativi mpaka uziingize kwenye kompyuta. Skana ya ofisini haisaidii kitu hapa. Ile humulika karatasi kwa chini, ilhali negativi inataka taa ipenye kutoka upande wa pili. Nimezipanga njia zilizopo kwa kuangalia hali yetu ya pwani: unyevu, chumvi ya hewani, stima, na kama kuna fundi wa kuifungua mashine ikigoma.

Ya kwanza kwangu si skana. Ni kamera ya dijitali uliyo nayo tayari, lenzi ya makro na kibao cha mwanga. Wapiga picha wa harusi wa mji huu wengi wana makro ya kupigia pete na hina, kwa hiyo kilichobaki kununua ni kidogo: stendi ya kuishika kamera ikitazama chini, kishikio cha kunyoosha filamu, na kibao chenye CRI (kipimo cha mwanga kuonyesha rangi kwa usahihi) ya 95 kwenda juu. Usidanganyike kutumia kioo cha simu, vitone vyake vitaonekana kwenye picha. Kunyoosha kamera, laza kioo kidogo cha kujitazamia pale inapokaa negativi, halafu chungulia: lenzi ikijiona katikati kabisa, mambo sawa.

Kamera ya megapikseli 24 itakupa pikseli 4000 kwa 4000 za picha ya mraba, yaani megapikseli 16. Hizo zinachapisha sentimita 34 kila upande bila kunung'unika. Ukitaka zaidi, piga negativi kwa vipande vinne na uviunge kwenye programu. Kugeuza rangi, wengi hutumia Negative Lab Pro ndani ya programu ya Lightroom, nayo inalipiwa, basi iweke kwenye hesabu mapema. Adui ni vumbi. Zima pangaboi kabla ya kuitoa filamu kwenye mfuko wake. Na kwa 4x5, yaani filamu za karatasi moja moja za inchi 4 kwa 5, kazi ya kuunga vipande inachosha. Mwenye kupiga saizi hiyo kila wiki asome aya inayofuata.

Ya pili, na kwa mtu wa 4x5 ndiyo ya kwanza, ni Epson za mfululizo mmoja: V700 na V750 za mwaka 2006, kisha V800 na V850 za 2014. Zote zinamulika mpaka inchi 8 kwa 10. Hilo ni muhimu pia kwa mwenye boksi la negativi za zamani za familia, maana Mombasa ilikuwa mji wa studio, mpiga picha N. V. Parekh peke yake alipiga watu wa hapa kwa miongo kadhaa, na negativi za enzi hizo hazina saizi moja. Mbili za mwanzo zina taa ya mrija, mbili za mwisho zina LED isiyohitaji kupashwa moto. Kampuni huandika dpi (nukta kwa kila inchi) 6400. Usiiamini. Undani wa kweli unakomea karibu na 2300, kwa hiyo skani kwa 2400 utosheke: 4x5 itatoka pikseli 9600 kwa 12000, na faili ya rangi ya biti 16 itakaribia MB 700. Nunua na diski.

Ya mtumba ikaguliwe kwa macho. Washa tochi ya simu, imulike kioo kwa ubavu: ukiona utando kama wa mafuta, mara nyingi uko upande wa ndani, na huo hautoki mpaka mashine ifunguliwe. Hesabu vishikio vya filamu, kwani ndivyo hupotea kwanza na kuvitafuta vimoja vimoja ni ghali. Kisha skani kishikio kitupu. Mistari iliyonyooka kutoka juu mpaka chini maana yake ni uchafu kwenye ile sehemu ambayo skana hujipima nayo. Mara nyingi kitambaa safi kinatosha, lakini itumie kuteremsha bei. Soma pia kibandiko cha umeme: iliyouzwa Japani huenda ni ya volti 100, na soketi zetu ni 240.

Epson V600 naiweka ya tatu. Kwa mtu wa 120 tu inafaa, na V850 mpya ni mara kadhaa ya bei yake. Ila ukanda wake wa taa ni mwembamba, 4x5 haiingii kwa mkupuo mmoja. Ile Digital ICE ya kufuta vumbi hufanya kazi kwenye filamu za rangi, si kwenye nyeusi na nyeupe za kawaida, kwa sababu fedha iliyo ndani yake huzuia miali ya infraredi ambayo skana hutumia kuliona vumbi.

Nne, kutuma filamu Nairobi ikaskaniwe huko. Kwa anayepiga roli chache kwa mwaka ni akili zaidi kuliko kununua chochote. Ukipanda SGR pale Miritini mizigo hupita kwenye eksirei. Filamu iliyokwisha kusafishwa haina neno, ambayo bado omba ikaguliwe kwa mkono.

Mwisho kabisa ni Nikon Coolscan 9000. Dpi zake 4000 ni za kweli, na kwa 120 inazishinda Epson zote hizo. Lakini Nikon iliacha kuitengeneza zamani, inataka FireWire, tundu la zamani la kuunganishia ambalo laptopu za leo hazina, na kioo chake cha ndani hushika utando. Ukiikuta kwa bei ya kutupa, muulize muuzaji kama anayo trei ya 120. Bila trei hiyo itakuskania filamu ndogo za milimita 35 tu.