Nauli ya mjini, nimeshushwa Mkuyuni

Naandika hasira zikiwa bado za moto, mnivumilie. Hapa Mwanza napanda daladala ya Buhongwa kwenda mjini karibu kila asubuhi. Kubanana, muziki wa kupasua masikio, konda kunining'inia kichwani, yote nimeshazoea. Hayo siyalalamikii.

Nalalamikia kukatishwa ruti. Juzijuzi gari limeandikwa mjini, nauli nimetoa ya mjini, kufika Mkuyuni konda anagonga bodi: "Mwisho wa gari, tunageuza!" Kisa ameona abiria wamejaa upande wa pili. Mama mmoja mtu mzima, ana ndoo mbili za nyanya, akauliza kwa upole, "Mwanangu, na hela yangu?" Akajibiwa, "Mayo, shuka, unatuchelewesha." Hata kumtazama hakumtazama! Sisi wengine tukaguna, tukashuka. Watu wazima na akili zetu.

Nikaanza kutembea kuelekea Igogo na sumu moyoni. Na reli hiyo hapo. Ipo tangu 1928, inatokea stesheni katikati ya mji, inashuka hadi Fela, yaani njia yetu kabisa sisi wa upande huu. Asubuhi yote ile, na barabara imefunga, hakipiti hata kiberenge. Dar walianza treni ya mjini 2012, Stesheni hadi Ubungo, juu ya reli ya zamani kama hii hii. Treni ya Mwakyembe, waziri wa uchukuzi wa wakati ule. Nimewahi kuipanda nikiwa kwa dada. Tulibanwa, ndiyo, ila hakuna aliyeambiwa ashuke Buguruni eti dereva ameona abiria wengi wanaorudi. Treni itageuzia wapi?

Sasa reli mpya ya kisasa, SGR ya Mwanza–Isaka, kilomita 341, ikishaanza kubeba abiria wa mbali, hii ya zamani tunaiachia mbuzi? Mabehewa machache tu, asubuhi na jioni. Mimi wa kwanza kupanga foleni.

Ingawa, nikitulia kidogo, mtu wa Igoma au Nyakato hiyo treni itamsaidia nini? Reli haipandi kwao. Na yule mama angeruhusiwa behewani na ndoo zake? Konda pamoja na ushenzi wote alimpakilia mwenyewe, akamshikia na kanga isinase mlangoni. Treni nayo haikusimamishii mlangoni kwako ukipiga kelele "shusha!"

Basi nikataka kuwapa hawa wa daladala za Buhongwa nyota mbili, maana jana konda wa gari lingine kanirudishia chenji kabla sijaomba. Mbili kabisa. Halafu leo lile gari la juzi limenipita kituoni, konda yule yule, anaita "Mjini moja kwa moja!" bila haya.

Nyota moja. Na hiyo ni ya dereva, kwa sababu hakufungua mdomo.