Programu ya kuhariri hati zilizoskaniwa: ipi inastahili pesa yako?

Katiba ya chama chetu cha wafugaji ilibaki nakala moja tu, PDF ya kurasa 28 iliyoskaniwa kutoka karatasi zilizopigwa chapa. Nilipewa kazi ya kurekebisha vifungu vitatu. Ukurasa ulioskaniwa ni picha, kwa hiyo inahitajika programu ya kuisoma na kuigeuza kuwa maandishi. Ya kwanza niliyojaribu ilisoma karibu kila kitu, ila "ng'ombe" ikawa "ngombe" kila mahali, na kiingilio cha shilingi 15,000 kikatoka 16,000. Neno likiharibika utaliona. Tarakimu ikiharibika inapita kimya, halafu mtu anatozwa. Ndiyo maana nazipanga programu hizi kwa kuangalia kwanza ipi inanirahisishia kuyakuta makosa yake.

Ya kwanza ni ABBYY FineReader PDF, na ndiyo ningeilipia. Inakuwekea picha ya ukurasa upande mmoja na maandishi upande wa pili, na herufi isizo na uhakika nazo inazipaka rangi. Mimi hupitia zenye rangi kwanza, kisha tarakimu zote, hata zile ambazo programu inaziamini. Kiswahili kimo katika orodha ya lugha zake. Kichague mwenyewe kabla ya kuanza, kwa sababu ikidhani inasoma Kiingereza itakulazimishia maneno ya Kiingereza. Majedwali hutoka yakiwa majedwali, tayari kwa Word au Excel. Toleo la Windows lina mambo mengi kuliko la Mac. Kama unarekebisha barua mbili kwa mwaka, usiinunue.

Ya pili ni Google Docs, na ni bure. Pakia faili kwenye Google Drive, kisha lifungue kwa Google Docs. Google wenyewe wanashauri faili lisizidi MB 2, kwa hiyo hati ndefu ikate vipande. Aya za kawaida hutoka vizuri. Safu na majedwali huvurugika. Lakini hati yako inakwenda kwenye seva za watu. Orodha ya wanachama yenye namba za vitambulisho nisingeipakia huko hata kwa haraka gani.

Kwa hati za siri kama hizo kuna Tesseract, programu ya bure inayosoma hati ndani ya kompyuta yako mwenyewe, iliyoanzia kampuni ya HP miaka ya 1980 na msimbo wake kutolewa wazi kwa umma mwaka 2005. Yenyewe huendeshwa kwa kuandika amri, hivyo tumia gImageReader, ambayo ina madirisha ya kubofya na ni bure pia. Data ya Kiswahili unaipakua mara moja. Baada ya hapo huhitaji bando.

Adobe Acrobat Pro nimeiweka mwisho. Ni nzuri ukitaka kubadili maneno machache palepale kwenye PDF, sura ya ukurasa ibaki ileile. Ila unalipia usajili, na wengi wetu tunachotaka ni maandishi ya kufanyia kazi kwenye Word.

FineReader na Acrobat zote zina muda wa majaribio. Usizijaribu kwa ukurasa safi: chukua ule uliofifia, wenye muhuri juu ya maandishi, uskani kwa dpi 300 (nukta 300 kwa kila inchi) karatasi ikiwa imenyooka. Na mihtasari iliyoandikwa kwa mkono mpelekee mpiga chapa wa steshenari, atakuchapia upya.