Kozi ya Advaita na hesabu: nzuri sana, ila somo la Gödel inabidi walirekodi upya

Nimemaliza hii kozi ya mtandaoni inayouliza kama hesabu ni kweli kamili au nayo ni maya tu, yaani mwonekano usio kweli ya mwisho, kama vitu vingine, naipa nyota nne kati ya tano na hiyo moja niliyoitoa nitaeleza nimeitoa wapi.

Inafundisha Advaita Vedanta, ile falsafa ya Kihindi ya Shankara wa karne ya 8, na kilichonishika mapema ni kwamba mwalimu anaanzia penye ugumu wenyewe, kwamba kama uhalisia ni mmoja usio na wa pili basi hesabu inaanzaje, maana bila mbili huwezi kujumlisha, huwezi kulinganisha, hata ile alama ya sawasawa haina kazi kwa sababu inataka kitu huku na kitu kule. Mtu kama mimi niliyekua naamini 2+2=4 ni kitu kisichotikisika popote pale, hilo swali lilinikaa kichwani muda mrefu kweli.

Somo la ngazi tatu ndo roho ya kozi. Watu wengi wanadhani kwa Advaita kitu ni ama kweli ama uongo, kumbe kuna paramarthika ambayo ndo kweli ya mwisho, kuna vyavaharika ambayo ni kweli ya maisha haya tunayoishi na watu na vitu, alafu kuna pratibhasika, yaani kuona visivyo, ule mfano wao maarufu wa kamba gizani ukadhani nyoka. Kipimo chao ni kuuliza kama kuna ujuzi utakaokuja kukifuta hicho kitu. Taa ikiwaka nyoka kafutika. Sasa mwalimu anachukua pembetatu ya Euclid yenye jumla ya nyuzi 180 anaipitisha kwenye kipimo hicho hicho, anachora tufe, anaanza ncha ya juu anashuka mpaka ikweta, anakata kona ya nyuzi 90, anatembea robo ya duara, anakata kona nyingine ya 90 anarudi juu, na pale juu napo ni 90, jumla 270! Je Euclid kafutika kama nyoka? Hapana, hajafutika hata kidogo, Mrusi Lobachevsky alipochapisha jiometri yake isiyo ya Euclid 1829 pembetatu ya kwenye ubapa ilibaki na 180 zake vile vile, kilichojulikana ni kwamba muda wote kulikua na "kama" imejificha mle ndani, kama uso ni bapa. Na mimi hapo ndo nilipopata jibu langu, kwamba hesabu sio kiini macho hata siku moja, ila kila kweli yake imesimama juu ya kama fulani, na kile Advaita wanachokiita Brahman, yaani huo uhalisia mmoja wa mwisho, hakisimami juu ya kama yoyote. Kwa hiyo hesabu inakaa vyavaharika, tena juu kabisa ya ngazi hiyo, na sioni kama ni kuishushia heshima.

Sehemu ya Brouwer ni fupi ila usiiruke. Huyu Mholanzi alikua mwanahisabati mkubwa na kitabu chake cha 1905 kilikua cha mambo ya kiroho kabisa, na kwake yeye namba inazaliwa pale akili inapoona wakati umepita, kitambo kimoja kinagawanyika kuwa viwili, kile na hiki. Ukiisikiliza hiyo baada ya somo la kwanza unaona kabisa hoja hizo mbili zinaongea lugha moja.

Sasa somo la Gödel, yule mtaalamu wa mantiki ya hesabu, jamani. Mwalimu anasema nadharia yake ya 1931 imethibitisha kuna kweli kubwa nje ya akili, basi hiyo ndo Brahman. Sio kweli. Gödel alionyesha kwamba mfumo usiojipinga, wenye misingi inayoweza kuorodheshwa kwa kanuni na wenye hesabu ya kutosha, utakua na sentensi usizoweza kuzithibitisha wala kuzikanusha humo ndani, basi. Hesabu ya namba kamili yenye kujumlisha tu bila kuzidisha haina hilo tatizo, mwanahisabati Presburger alishaonyesha 1929, na sidhani kuna mtu atasema Brahman anajitokeza ukiongeza kuzidisha. Alafu Gödel mwenyewe aliamini vitu vya hesabu vipo kweli kweli huko viliko, vingi, kila kimoja na lake, hiyo iko mbali sana na umoja usio na wa pili. Imeniuma kwa sababu hoja ya pembetatu ilikua imejengwa kwa uangalifu wote, anayekuja na mashaka akifika hapa atatupa vyote.

La Ramanujan, yule mwanahisabati wa India, ni la kawaida tu, Namagiri, mungu wa kike aliyemwabudu, ametajwa, lakini ingefaa waseme pia kwamba baadhi ya madai yake kuhusu namba tasa hayakua sahihi.

Anayeanza asiogope, Kisanskriti kinaelezwa taratibu na hesabu yenyewe haizidi ya sekondari. Sikiliza ngazi tatu kwanza alafu Brouwer, la Gödel kalisome kwingine.