Mzee Anaongea, Kambi Inaungua

Gemu hii mpya nimeifuta, nimeirudisha, nimeifuta tena. Naandika hasira zikiwa bado juu, mnivumilie.

Gemu za aina hii nazipenda tangu zamani. Unajenga kambi, unatuma watu wakakate miti na kuchimba dhahabu, unapanga jeshi, na papo hapo una shujaa wako anayekua kwa kupigana, anayeokota silaha na kujifunza uchawi. Warcraft III ya mwaka 2002 ndiyo iliyoniteka: shujaa anapanda mpaka ngazi ya 10, mfuko wake una nafasi 6 tu, akiuawa unalipia afufuliwe madhabahuni. Mwaka uliofuata ikatoka SpellForce kutoka Ujerumani, shujaa anatembea na runi zake, yaani vijiwe vya uchawi, akifika penye mnara anaita wafanyakazi na askari. Kwa hiyo hii mpya, ambayo jina silitaji, niliinunua bila hata kusoma maoni ya watu.

Sura mbili za kwanza, raha tupu. Shida imeanzia msitu wa barafu. Kambi yangu ilikuwa imesimama vizuri, ghala limejaa, wapiga mishale wako ukutani. Shujaa anatakiwa aende pangoni akaongee na mzee mlinzi, apewe ufunguo. Nikambofya mzee. Uso wake ukajaa skrini nzima, ramani ikafichika, vitufe vyote vikafa. Halafu nikasikia pembe: kambi inashambuliwa!

Saa haijasimama, jamani. Mzee anasimulia ukoo wa wafalme waliozama ziwani, taratibu, baba kwa mwana, na huku nyuma nawasikia wakata miti wangu wanapiga mayowe na kunyamaza mmoja baada ya mwingine. Nagonga kibodi, wapi! Akinyamaza yanatokea majibu matatu ya kuchagua, na lolote utakalochagua linamfungulia hadithi nyingine. Aliponiachia, ghala lilikuwa majivu. Nikasema sawa, narudi nilipokuwa. Kumbe gemu imejisevu yenyewe mara tu mazungumzo yalipoisha, juu ya sevu yangu ya mwanzo. Kila nikifungua, nakuta majivu yaleyale.

Nikawaandikia huduma kwa wateja. Wakajibu kwamba ndivyo ilivyokusudiwa, na kwamba mchezaji mzoefu huacha walinzi wa kutosha. Mchezaji mzoefu! Ukuta ulikuwa na walinzi. Walisimama tu wakichomwa, kwa sababu bila amri hawasogei hata hatua moja, na wa kutoa amri amefungiwa pangoni. Kama mnataka nisikilize hadithi, nipeni nafasi ya kusikiliza. Kama mnataka nilinde kambi, niachieni macho yangu. Kuchanganya gemu mbili maana yake ni kuamua ipi inamsubiri mwenzake, na hawa hawakuamua. Sikushauri mtu ainunue.

Ingawa nikisema hivyo tu nitakuwa nawaonea. Baadaye nilianza sura upya, nikasafisha maadui wote upande ule kabla ya kuingia pangoni, nikamsikiliza mzee mpaka mwisho. Ameandikwa vizuri mno. Anafika kwa mfalme wa mwisho, sauti inamkatika, anarudia jina la mtoto peke yake. Nilikaa kimya. Na ule mkuki anaokukabidhi, ukiurusha majani yanageuka meupe unapopita na farasi wa adui wanaanza kuteleza. Sijaona kitu kizuri hivyo kwenye gemu ya mkakati kwa muda mrefu. Usiku ule ningeipa nyota nne bila kufikiri.

Sura iliyofuata, mjane kisimani. Uso skrini nzima, vitufe vimekufa, pembe inalia. Nyota moja, na hiyo ni ya mkuki.

Nimewaandikia tena. Sidai pesa zangu. Wasimamishe vita shujaa anapoongea, na waniachie nisevu mwenyewe. Wakifanya hayo mawili naipakua siku hiyohiyo.