Uzoefu wangu: Tamasha la Karibi, Santiago de Cuba

Nianze na hukumu, maelezo yafuate. Kama unatafuta mahali pa kujifunza mizunguko ya salsa kwa wiki moja ili ukatambe ukumbini, Festival del Caribe si pako. Makongamano ya salsa ya Ulaya yatakufaa zaidi, yana viyoyozi na ratiba isiyopinda. Lakini kama unataka kuona ngoma za Wakuba wenye asili ya Afrika zikichezwa na wenyewe, mtaani kwao, mbele ya bibi zao wanaojua hatua ipi imekosewa, basi jipange uende Santiago de Cuba mwezi wa saba.

Wenyeji hupenda kuliita tamasha hili Fiesta del Fuego, Sherehe ya Moto. Lilianza mwaka 1981, na waandaaji wake sasa ni Casa del Caribe, taasisi ya utafiti iliyoanzishwa mwaka 1982 chini ya Joel James Figarola. Ukilijua hilo utaelewa kwa nini tamasha lina sura yake ya pekee. Walioliasisi ni watu waliokuwa wakizunguka vijijini kurekodi nyimbo na mila, wakaona si haki wanaozibeba mila hizo wabaki huko huku wacheza shoo wa mjini wakishangiliwa. Kwa hiyo jukwaa moja unakuta kundi la kulipwa kama Ballet Folklórico Cutumba, halafu wanapanda wakulima, wazao wa Wahaiti waliokuja kukata miwa, na wanacheza gagá, ngoma yao ya asili ya Haiti, kwa nguvu ambayo hakuna chuo kinachoifundisha.

Kilichonishika kuliko vyote ni ngoma iitwayo tumba francesa. Mapinduzi ya Haiti yalipoanza mwaka 1791, walowezi wa Kifaransa walikimbilia mashariki mwa Cuba pamoja na watumwa wao. Watumwa hao walikuwa wameziangalia dansi za mabwana kwenye kumbi zao, wakazichukua, wakazipigia ngoma zao wenyewe. Leo vimebaki vikundi vitatu tu Cuba nzima: Guantánamo, Sagua de Tánamo, na hapo Santiago kile cha La Caridad de Oriente, kilichoanzishwa mwaka 1862. UNESCO iliitambua tumba francesa mwaka 2003.

Nilikaa karibu kabisa na wapigaji. Mmoja alikuwa na kata, gogo lililolazwa analoligonga kwa vijiti viwili, mgongo mgumu, mdundo mmoja usiotetereka. Wanawake waliingia na magauni marefu yanayofagia sakafu na vilemba vya rangi, wakishikana mikono na wanaume kwa adabu ya ajabu: hatua fupi, kuinama kidogo, kupishana, kuzunguka. Hiyo ndiyo wanaita masón. Ukitazama miguu na mikono utadhani uko kwenye kasri la Ufaransa, na wakati huohuo ngoma zinasema jambo jingine kabisa. Nilikumbuka beni ya mwambao wetu, jinsi wazee wa Tanga na Dar es Salaam walivyochukua bendi za kijeshi za wakoloni, wakajipa vyeo, wakajigawa vikundi vya Marini na Arinoti, wakashindana kwa mavazi na nyimbo mpaka wakoloni wakaingiwa na wasiwasi. Tumba francesa nayo ina vyeo vyake na mama mkubwa wa kuongoza uwanja. Jamii mbili zilizotenganishwa na bahari zilinyang'anywa heshima na mabwana wa Kizungu, nazo zikaitengeneza upya kwa nguo nzuri na mpangilio mkali. Nililia kidogo pale, na mama aliyekaa jirani yangu akanipa kitambaa bila kuuliza.

Baadaye alikuja mwanamume mmoja kucheza frenté, mchezo mwingine wa tumba francesa. Ngoma kubwa ililazwa chini, mpigaji akaikalia, na mchezaji akasimama mbele yake na vitambaa vimefungwa mikononi. Hapo si mpigaji anayemwongoza mchezaji. Mchezaji anatupa mguu, ngoma inajibu. Anasita, ngoma inasita. Anaidanganya kama anakwenda kushoto, mpigaji anamkamata hukohuko, na ukumbi mzima unapasuka kwa vicheko.

Kwa wale waliolelewa na rumba ya Franco na TPOK Jazz kama mimi, jueni rumba ya Cuba haina gitaa. Ni ngoma, vijiti vya klave na sauti za watu, basi. Muziki uliovuka bahari kwenye santuri na kuzaa rumba ya Kongo ulikuwa zaidi ule wa son, mtindo wa nyimbo za gitaa na ngoma, na son yenyewe ilizaliwa huko huko mashariki mwa Cuba. Nenda Casa de la Trova, mtaa wa Heredia, jioni moja tu, utaisikia Kinshasa ya zamani ikikutazama. Halafu rudi kwenye ngoma.

Madarasa yapo, ya kucheza na ya kupiga, na unaweza kujiandikisha kama mjumbe wa tamasha upewe beji na uingie hata kwenye mijadala ya watafiti. Mimi nilichukua darasa la ngoma za orisha, miungu yenye asili ya Kiyoruba. Mwalimu wetu, mama mtu mzima aliyestaafu jukwaani, hakutufundisha hatua hata moja mpaka tumeimba. Kwenye ngoma ya Yemayá, orisha wa bahari, alishika pindo la sketi kwa vidole viwili na kulitikisa kidogo sana, kama maji yanayogusa mchanga, kisha akalipanua taratibu mpaka mikono yote ikawa wimbi na mgongo umepinda. Wengi wetu tulikimbilia wimbi. Alitusimamisha: rudini kwenye maji madogo. Wakati huo ngoma tatu za batá zilikuwa zinasemezana, na kila iyá, ile kubwa, ilipobadili usemi, mguu wake ulikuwa umeshabadilika. Darasa hilo peke yake lilitosha nauli yangu.

Nijibu na swali ambalo najua wenzangu mtaniuliza, kama ngoma hizi hazigongani na dini yangu, maana mimi ni Muislamu. Sehemu ya haya ni dini za watu, si maonyesho. Kwenye darasa nilicheza kama mwanafunzi wa utamaduni. Kwenye ibada nilikaa pembeni, kimya, simu mkobani, na hakuna aliyenilazimisha kushiriki. Niliheshimiwa kwa sababu niliheshimu. Kilichoniudhi ni wageni wenzangu kusogeza kamera usoni mwa mzee aliyekuwa katika hali ya kiroho. Tafadhali msifanye hivyo.

Tenga muda wa El Cobre, mji mdogo kama kilomita 20 kutoka Santiago. Watu huenda kwa ajili ya kanisa la Bikira wa Caridad, lakini juu ya kilima kuna mnara wa mtumwa mtoro, kazi ya msanii Alberto Lescay, uliosimamishwa mwaka 1997. Wakati wa tamasha hufanyika sherehe ya kuwaenzi watoro hapo. Watumwa wa mgodi wa shaba wa El Cobre waliasi mwaka 1731, wakaendelea kudai haki zao kwa miongo, mpaka mfalme wa Hispania akawapa uhuru kwa hati ya mwaka 1800. Kwingine Cuba utumwa uliendelea hadi 1886. Kupanda ngazi zile huku ngoma zinasikika juu ni jambo la kufanya ukiwa na maji ya kutosha, jua lake si la mchezo.

Sasa matatizo. Wakala niliyemlipia kifurushi huku Ulaya aliahidi mwongozaji na usafiri wa kila siku, na vyote viwili vilikuwa vya kubahatisha. Ningekuwa wewe nisingenunua kifurushi: chukua chumba kwa familia, casa particular, na mwenyeji wako atakuunganisha na kila kitu, tena fedha itabaki kwa watu wa hapo. Mgao wa umeme ni mkali, kwa hiyo shughuli za jioni husogea au kuhama, na feni ya chumbani hukuzimikia usiku wa manane. Beba pawabenki, tochi, dawa zako zote na sabuni, maana madukani vitu ni adimu. Beba yuro taslimu, noti ndogondogo na safi. Kadi za benki za Marekani hazifanyi kazi kabisa. Na wenye pasipoti za Ulaya wafahamu kwamba ukishatembelea Cuba, kibali cha mtandaoni cha kuingia Marekani kinakuwa shida, itabidi uombe viza.

Havana na Santiago ziko mbali, zaidi ya kilomita 850. Nilikwenda kwa basi, usiku kucha na zaidi, baridi ya kiyoyozi kama friji. Bebeni khanga nzito au shuka.

Tamasha hufungwa kwa Kuchoma Shetani, sanamu kubwa inayoteketezwa karibu na ghuba, lakini raha yenyewe iko njiani kuelekea huko, unapojitosa kwenye konga, msafara wa ngoma wa mtaani. Zumari ya Kichina, iliyoletwa na vibarua Wachina, inalia juu ya vichwa, nyuma yake ngoma ndefu zinazoning'inia mabegani na vijana wanaogonga vyuma vya breki za magari mabovu. Mwendo ni wa kuburuta miguu, bega kwa bega na mtaa mzima. Vaa raba zilizofungwa vizuri, acha pochi chumbani, na usijaribu kwenda kinyume na watu.

Mimi naipa nyota nne na nusu kwa tano, na hiyo nusu iliyobaki ni ya usingizi nilioukosa. Kwa kawaida siku zake ni tarehe 3 hadi 9 Julai. Kanivali ya Santiago huja baadaye mwezi huohuo, kwa hiyo mwenye likizo ndefu aunganishe vyote viwili, ila chumba akitafute mapema.