Linux Mint kwenye laptopu ya zamani: uzoefu wangu na waifai iliyogoma

Laptopu yangu haikukidhi masharti ya Windows 11, na usaidizi wa Windows 10 ulifika ukomo tarehe 14 Oktoba 2025. Nikahamia Linux Mint 22, mfumo endeshi unaochukua nafasi ya Windows, toleo lenye mwonekano wa Xfce, kwa kuwa ni nyepesi na itaendelea kupata masasisho hadi 2029. Naipenda kwa dhati. Inawaka haraka, mitihani ya shule naiandaa kwa LibreOffice, printa imetambulika yenyewe. Ila kila anayeniomba ushauri huniuliza swali hilo hilo: waifai inashika? Basi nizungumzie hilo, maana ndilo linalowarudisha nyuma wengi wanaoanza.

Kwangu haikushika. Nilibofya alama ya mtandao pale chini kulia, na kwenye menyu iliyofunguka hapakuwa na sehemu ya waifai kabisa. Hiyo ni dalili ya kuangalia kwa makini. Kama waifai ipo lakini imezimwa, tatizo ni jingine. Kama inaunganika ila kurasa hazifunguki, hilo nalo ni jingine, na huenda kosa liko kwenye ruta au bando limekwisha. Ikikosekana kabisa namna ile, mara nyingi ni draiva, yaani programu inayoiwezesha kompyuta kuzungumza na kifaa chake.

Draiva nyingi za waifai zimo tayari ndani ya keneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo, ndiyo maana chipu nyingi za Intel hufanya kazi papo hapo. Lakini wapo watengenezaji ambao hawakuweka wazi msimbo wa draiva zao, kwa hiyo huja kama kifurushi cha pembeni ambacho lazima ukiweke mwenyewe. Chipu yangu ni ya kundi hilo. Nilijua kwa kufungua terminali, dirisha la kuandikia amri, na kuandika:

lspci -nnk

Inatoka orodha ndefu. Tafuta mstari wenye maneno Network controller, kisha tazama mistari iliyo chini yake. Ukiona "Kernel driver in use" ikifuatwa na jina, draiva ipo na inatumika. Kwangu mstari huo haukuwepo. Kompyuta ilikuwa inaiona kadi ya waifai, ila haikuwa na namna ya kuzungumza nayo.

Sasa unapataje draiva ya waifai bila intaneti? Chukua simu ya Android, ichomeke kwa waya wa USB, ingia kwenye mipangilio ya hotspot na uwashe kushiriki intaneti kwa USB. Mint huichukulia simu kama mtandao wa waya, na haihitaji kuwekewa chochote. Hakikisha tu waya unapitisha data, kwani zipo nyaya za kuchaji pekee. Na kama simu yenyewe imeunganishwa kwenye waifai ya nyumbani, laptopu itapitia humo humo, bando lako halitaguswa.

Baada ya hapo nilifungua Driver Manager kwenye menyu, nikaweka nenosiri, ikanionyesha chipu yangu na draiva inayopendekezwa. Nikachagua, nikathibitisha, nikasubiri ipakuliwe. Hii ndiyo sehemu ninayoisifia zaidi Mint. Huhitaji kujua jina la kifurushi wala kunakili amri usizozielewa.

Kuna hatua moja ambayo natamani kila anayeanza aambiwe mapema. Kama Secure Boot, ulinzi wa kompyuta unaokataa programu zisizotambulika wakati wa kuwaka, imewashwa, wakati wa kuweka draiva utaombwa utunge nenosiri la muda. Ukiwasha upya kompyuta, inakuja skrini ya buluu kabla Mint haijafunguka. Usiipite. Chagua Enroll MOK, kisha Continue, kisha Yes, uandike lile nenosiri. Ukiiruka, Mint itawaka kama kawaida lakini draiva itakataliwa, nawe utabaki unajiuliza mbona umefuata kila kitu na waifai bado haipo.

Mwalimu mwenzangu alipoona yangu imekubali akaniletea yake. "Mwalimu, hii ya kwangu inaonyesha waifai imezimwa, na nikiiwasha haiwaki." Tukaandika rfkill list, ikajibu Hard blocked: yes. Maana yake waifai imefungwa na swichi au kitufe cha kompyuta yenyewe, si programu. Tukakuta kiswichi kidogo ubavuni, tukakisukuma, mitandao ikajipanga. Ingeandika Soft blocked: yes, dawa ingekuwa sudo rfkill unblock wifi.

Tatizo langu la mwisho lilikuwa kukatika. Waifai inashika vizuri, nikiacha laptopu kidogo inazubaa. Chanzo kilikuwa kadi kulazwa ili kuokoa betri. Kwenye faili /etc/NetworkManager/conf.d/default-wifi-powersave-on.conf nilibadilisha wifi.powersave = 3 ikawa 2, nikawasha upya NetworkManager, programu inayosimamia mitandao. Betri inaisha mapema kidogo, nami sijali, kwa sababu sasa naweza kupakia alama za wanafunzi bila kukatiwa katikati.

Naipendekeza Mint bila kusita kwa mwenye kompyuta ya umri kama wa yangu. Ila kabla hujafuta chochote, iwashe kwanza kutoka kwenye flashi na ujaribu waifai humo humo. Ikishika pale, kwa kawaida itashika hata baada ya kusakinisha. Ikigoma na Driver Manager isionyeshe kitu, waifai ya kuchomeka kwenye USB ni njia nzuri, mradi uulize dukani ina chipu gani ndani. Jina la kwenye boksi peke yake halitoshi, kwa kuwa modeli ile ile inaweza kubadilishiwa chipu kati ya toleo moja na jingine.